Sura ya Saba: Tatu za Kuongeza, Tatu za Kuharibu

Kuanzia Septemba hadi Novemba, Kisii na Nyamira hazilali. Saa kumi alfajiri taa za mabweni zinawaka, na walimu wanatunga karatasi za majaribio kwa kasi usiyoiona miezi mingine ya mwaka. Shule moja inatunga Kemia, jirani yake inatunga Hisabati, kisha wanabadilishana. Matokeo ya mtihani wa KCSE wa 2022 yalipotangazwa Januari 2023, shule za Gusii zilizungumziwa nchi nzima, Nyambaria ya Nyamira ikiwa mdomoni mwa kila mtu, wengine wakisifu na wengine wakishuku. Ugomvi huo sikuuingia. Mimi ni fundi wa seva, na shida yangu ilikuwa karatasi ya pili ya Hisabati.

Ilikuwa hivi. Kikundi cha walimu, baadhi wastaafu na baadhi wangali darasani, kilikuwa na tovuti ya kuziuzia shule mitihani ya majaribio. Mwanzoni tovuti ilikaa kwenye seva moja ya kukodi na haikuwa na maneno. Mwaka wa pili wateja wakaongezeka, seva ikawa inatweta kila Jumapili jioni, walimu wakuu wote wanapopakua karatasi za Jumatatu. Nikaongeza seva ya pili, nikaweka kigawanyaji mbele yao: mgeni wa kwanza aende huku, wa pili aende kule. Jumapili iliyofuata simu ikalia.

"Momura one," akasema mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu kutoka upande wa Nyamira ambaye kila mtu humwita Mwalimu tu, "hii karatasi yako ni ya mganga?"

"Imefanya nini, Mwalimu?"

"Nikifungua ukurasa, ipo. Nikifungua tena, haipo. Mara ya tatu, imerudi."

Haikuwa uganga. Karatasi ilipakiwa kupitia seva ya kwanza, ikalala kwenye diski ya seva ya kwanza. Seva ya pili haikuwa na habari nayo. Mwalimu akielekezwa kwa ya kwanza anaiona, akielekezwa kwa ya pili anaambiwa hakuna. Nilikuwa nimejenga nyumba mbili na kuweka chakula katika moja.

Dawa ya ugonjwa huu ni ya zamani. Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitoa itifaki iitwayo NFS, inayoiwezesha kompyuta kuiona folda iliyo kwenye kompyuta nyingine kana kwamba iko kwenye diski yake yenyewe. Mafundi husema folda hiyo "imepachikwa". Seva kumi zaweza kupachika folda moja, na faili ikiandikwa na mojawapo, nyingine zote zinaiona. Kilichobadilika tangu wakati huo ni nani anayetunza folda. Zamani ulikuwa wewe: ununue diski, uzipange, uamke usiku moja ikifa. Leo makampuni ya wingu yanakukodisha mfumo mzima wa faili, nao wanaamka usiku kwa niaba yako. Google wanao, Microsoft wanao. Wa Amazon unaitwa EFS, ulifunguliwa kwa wateja wote Juni 2016, na ndio nitakaoueleza hapa kwa kuwa ndio ulioniuma.

EFS haukuulizi unataka gigabaiti ngapi. Unapanuka ukiujaza, unasinyaa ukiupunguza, na bili inaufuata nyuma kama kivuli. Ukiuchagua wa kawaida, kila faili inahifadhiwa katika kanda kadhaa, yaani vituo vilivyotengana kwa majengo na kwa umeme, hata kituo kimoja kikizama faili zako zisizame nacho. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo mvua ya saa tisa alasiri ikipiga radi stima inaondoka, ahadi hiyo si ndogo.

Mwalimu aliuliza swali la haki: hilo wingu liko wapi? Nikamwambia letu liko Cape Town, ambako Amazon walifungua vituo vyao vya kwanza barani Afrika Aprili 2020. Akafurahi kuwa ni Afrika. Angefurahi zaidi angejua kuwa EC2, huduma ya kukodisha seva ambayo Amazon waliifungua mwaka 2006 na ambayo biashara yote hii ya wingu imeiegemea, iliundwa na timu iliyokuwa papo hapo Cape Town. Tunazoea kufikiri vitu hivi vinashuka kutoka juu ya ramani.

Ila kuna kosa moja ambalo karibu kila mteja wangu wa Kisii amewahi kuniomba nilifanye, nalo nilikatae mapema. Wanataka folda ya wingu ipachikwe kwenye kompyuta za ofisini, pale mjini karibu na Daraja Mbili, ili karani aifungue kama anavyofungua folda ya kawaida. NFS ni itifaki yenye maneno mengi. Kufungua faili moja ni mazungumzo: upo? nipo, una haki? ninayo, nipe kipande cha kwanza, chukua. Kutoka hapa hadi Cape Town ni kama kilomita 4,000 kwa mstari ulionyooka, na nuru ndani ya faiba inakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 40 hata ungeomba vipi, na nyaya zenyewe hazikunyooka. Tuseme safari ni milisekunde 100. Folda yenye faili 1,000 zinazoulizwa moja moja itachukua zaidi ya dakika moja na nusu kuonyesha orodha tu. Halafu kuna siku kama 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari na intaneti ya Kenya, Tanzania na Uganda ikawa ya kubembeleza. Mfumo wa faili wa wingu unawekwa karibu na seva zinazoutumia. Karani anafungua tovuti, tovuti inaongea na folda kulekule.

Basi nikauunda. Mara ya kwanza niliuunda kwa kubofya, kama kila mtu: ukurasa wa Amazon, kitufe cha rangi ya chungwa, chagua hiki, chagua kile, maliza. Dakika kumi. Karatasi ya Hisabati ikatulia. Miezi minne baadaye walimu wakataka mfumo mwingine kama ule, wa majaribio, wapate pa kuchezea bila kuharibu wa kweli. Nikafungua ukurasa uleule na kukuta sikumbuki nilichagua nini. Mlango gani niliufungua, kwa seva zipi? Kwa nini kanda mbili na si tatu? Aliyejua alikuwa mimi wa miezi minne iliyopita, na huyo hakuacha barua.

Kusanidi kwa msimbo ni kuacha barua. Badala ya kubofya, unaandika faili la maandishi linaloeleza unachotaka kiwepo, kisha programu inalisoma, inalilinganisha na hali ilivyo kule juu na kuifanya hali ifanane na maandishi. Programu niliyoizoea ni Terraform, iliyotolewa na HashiCorp mwaka 2014. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilibadilisha leseni, watu wakanuna, wakajitenga wakaanzisha OpenTofu yao; kwa sura hii zote mbili ni mamoja. Uzuri wa njia hii ni kwamba huielezi programu hatua za kufuata. Mteja anayekwenda Tabaka kuagiza kifaru cha mawe hamwambii mchongaji apige tindo wapi. Anasema ukubwa, anasema rangi ya jiwe, anaondoka. Mpangilio wa kazi ni wa mchongaji.

Hivi ndivyo mfumo wetu wa faili unavyoonekana leo katika maandishi:

```
resource "aws_efs_file_system" "karatasi" {
  creation_token  = "karatasi-kuu"
  encrypted       = true
  throughput_mode = "elastic"

  lifecycle_policy {
    transition_to_ia = "AFTER_30_DAYS"
  }

  lifecycle {
    prevent_destroy = true
  }
}
```

Ni mistari michache, na karibu kila mmoja una kovu lake.

Kabla ya makovu, mtandao. Mfumo wa faili wa EFS hauelei hewani; unaingiliwa kupitia mahali pa kupachikia, pamoja katika kila kanda, na kila pahali pamekaa kwenye kipande cha anwani. Kwa mtu wa Gusii hili ni somo rahisi kuliko vitabu vinavyolifanya. Shamba la baba linaanza mgongoni mwa kilima na kuteremka hadi kijito, na wana wanapogawana hukatwa vipande virefu vinavyoteremka, ili kila mmoja apate sehemu ya juu ya nyumba na sehemu ya chini ya maji. Mtandao wako wa wingu ni hilo shamba: ukiukata kwa /16 una anwani 65,536. Ukimpa kila mwana /24, kila mmoja ana 256, na Amazon wanajichukulia 5 katika kila kipande kama njia ya kupitia, zinabaki 251. Kosa la kawaida ni la wazee wetu pia, kukata vipande vidogo mno mapema, wajukuu wakija hakuna pa kujenga. Baada ya hapo unaufungua mlango nambari 2049, ambao ndio wa NFS, na unaufungulia seva zako tu. Nimewahi kukuta mtu ameufungulia dunia nzima kwa sababu "ilikuwa haifanyi kazi". Ikawa inafanya kazi, kwa wote.

Terraform ina daftari. Kila inachokiunda inakiandika kwenye faili ya hali: kitu hiki katika msimbo ndicho kile kule Amazon, chenye nambari hii. Mama yangu huuza majani chai katika kituo cha kununulia kwenye mpaka wa kaunti, na hajawahi kuondoka pale bila risiti. Mizani ikisema kilo 18 na risiti ikasema 13, mwisho wa mwezi atalipwa 13. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali yenye daftari la uongo hupotea pamoja na habari. Mtu akiingia kwenye ukurasa wa Amazon na kubadilisha kitu kwa mkono, daftari na shamba havilingani tena, na siku Terraform itakapoendeshwa itakirudisha kitu hicho kama kilivyoandikwa. Fundi aliyefungua kitu usiku wa dharura atashangaa asubuhi kukuta kimefungwa.

Na daftari likiandikwa na watu wawili kwa wakati mmoja? Nenda Keroka. Mji ule umelala juu ya mpaka, upande huu Kisii na upande ule Nyamira, na tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013 mvutano wa nani atoze ushuru sokoni umekuwa ukiibuka na kutulia na kuibuka tena. Mchuuzi wa ndizi yuko palepale, lakini vitabu vya risiti ni viwili. Ndiyo sababu faili ya hali haikai kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Inawekwa mahali pa pamoja, na anayeanza kazi analifunga daftari kwa kufuli mpaka amalize. Ukikuta limefungwa, subiri. Terraform inakuruhusu kulivunja kufuli kwa nguvu, na wanaolivunja bila kuuliza huwa wanaamini mwenzao ameshakwenda kulala.

Sasa nije kwenye makovu, nianze na usiku mmoja.

Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa Kenya mwaka 2019, na Novemba 2020 Immaculate Kassait akaapishwa kuwa Kamishna wa Data wa kwanza. Kwa muda walimu hawakujali. Kisha mmoja wao akahudhuria semina na kurudi na hofu. Tovuti haikuwa tena na mitihani peke yake. Ilikuwa na majina ya watoto, alama zao, nambari za simu za wazazi na picha za karatasi za majibu zilizosahihishwa. Mwalimu akanipigia: majina haya yamefungwa kwa kufuli?

Nikafungua msimbo. Wakati huo nilikuwa nimeshauandika upya mfumo wote, ule wa kubofya nikiwa nimeuhama na kuufuta, na nilijivunia. Mstari wa usimbaji fiche ulisema false. Nikaufuta na kuandika true. Neno moja. Nilimwambia Mwalimu kabla ya chakula cha usiku itakuwa tayari.

Mvua ilikuwa inanyesha, stima imeondoka, betri ya kompyuta asilimia kumi na kitu, intaneti ni ya simu. Terraform kabla ya kufanya lolote hukuonyesha mpango, kisha hukusubiri uandike yes. Mpango ule ulikuwa mrefu kidogo, na mimi nikaangukia mstari wa mwisho kama mtu anayetazama jumla ya bili:

```
Plan: 3 to add, 0 to change, 3 to destroy.
```

Tatu za kuongeza, sifuri za kubadilisha, tatu za kuharibu. Nikaona hesabu imekaa sawa, tatu zinatoka na tatu zinaingia. Nikaandika yes.

Ningepanda juu ya ukurasa ningeona hili:

```
-/+ resource "aws_efs_file_system" "karatasi" {
      ~ encrypted = false -> true # forces replacement
```

Alama ile ya kutoa na kujumlisha maana yake ni kubomoa kisha kujenga. Usimbaji fiche wa EFS unachaguliwa siku ya kuzaliwa kwa mfumo wa faili na haubadiliki tena. Ukitaka mfumo ulio wazi uwe uliosimbwa, kwa Terraform njia ni moja: kuuharibu huo na kuunda mwingine mahali pake. Na mpangilio wake wa kawaida, usipouambia vingine, ni kuharibu kwanza. Vitu vitatu vilikuwa mahali pawili pa kupachikia na mfumo wenyewe wa faili. Amazon wana ulinzi kidogo hapa, wanakataa kufuta mfumo wa faili ambao bado una mahali pa kupachikia. Terraform, kwa kuwa ni mfanyakazi hodari, ilianza kwa kupaondoa.

Dakika chache baadaye kazi ikaisha kwa maandishi ya kijani. Niliingia kwenye seva, nikaandika amri ya kuorodhesha faili, kishale kikaganda. Nikapachika upya. Folda ikafunguka. Ilikuwa safi, imesimbwa, na haina kitu.

Sikumpigia Mwalimu usiku ule. Nilitafuta kitufe cha kurudisha, na hakipo; mfumo wa faili wa EFS ukifutwa umefutwa. Nikajipa moyo kwamba kuna nakala za akiba, kwa kuwa nilikuwa nimeziona kwa macho yangu kwenye mfumo wa kwanza. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia. Ukiunda EFS kwa kubofya, ukurasa unakuwashia nakala za akiba za kila siku bila kukuuliza. Ukiuunda kwa msimbo, kwa ule mfumo wa kawaida, haziwashwi mpaka uandike mwenyewe kuwa ziwashwe. Ukurasa wa kubofya una busara zake kimyakimya. Msimbo hauna busara ila zile ulizoandika.

Asubuhi nikapiga simu.

"Bwakire, Mwalimu."

"Bwakire buya. Umefunga kufuli?"

"Nimefunga. Lakini nimefungia nje kila kitu."

Alikaa kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyostahimili, kisha akauliza kama mtu anayeuliza juu ya mgonjwa: zilikuwa ngapi? Wiki mbili zilizofuata nilizunguka kwa matatu kutoka Nyansiongo hadi Ogembo nikikusanya flashi. Walimu wana tabia moja iliyoniokoa, hawatupi kitu. Karatasi za miaka mitatu zilikuwa kwenye flashi, kwenye barua pepe, kwenye makundi ya WhatsApp, na moja niliipata kwenye kompyuta ya saiba mjini Keroka, kwenye folda ya mizigo iliyoshushwa. Mitihani ilirudi karibu yote. Picha za majibu yaliyosahihishwa hazikurudi, na malipo yangu ya miezi miwili niliyaachia kikundi kabla hawajaniomba.

Mafundi wa ng'ambo wana msemo wanaoupenda, kwamba seva zichukuliwe kama ng'ombe wa kundi, mmoja akiugua unamwondoa na kuleta mwingine bila kumlilia. Aliyeubuni hajawahi kukaa kwenye mazungumzo ya mahari Gusii, ambako ng'ombe mmoja hukaguliwa meno, kwato na ukoo mpaka jua likazama. Lakini kwa seva nakubali, msemo una maana. Seva ikibomolewa na kujengwa upya kwa maandishi yaleyale, iliyorudi ni ileile. Mfumo wa faili sivyo. Msimbo unalijua ghala: paa lake, mlango wake, kufuli lake. Wimbi lililo ndani haulijui. Ukiuambia ubomoe ghala na kujenga lingine jipya lenye kufuli bora, utafanya hivyo kwa uaminifu, na mpango utakaokuonyesha hautataja punje hata moja, kwa sababu daftari lake halina safu ya punje.

Njia iliyo sawa ni ya polepole na haipendezi machoni. Unaandika mfumo wa pili wa faili kando ya wa kwanza, huo ukiwa umesimbwa tangu kuzaliwa. Unanakili faili kutoka wa kwanza hadi wa pili wakati tovuti bado inafanya kazi, na hiyo inaweza kuchukua siku. Saa ambayo shule zimelala unasimamisha upakiaji, unanakili mabadiliko ya mwisho, unahesabu faili pande zote mbili, kisha unazielekeza seva kwa mpya. Wa zamani unauacha kama ulivyo, usio na kazi, ukilipiwa. Mimi huuacha mwezi mzima. Wateja hulalamikia gharama hiyo na mimi huwasikiliza kwa heshima.

Ule mstari wa prevent_destroy niliuweka baada ya hapo. Terraform ikiuona, mpango wowote wa kuharibu kitu kile unakataliwa kwa kosa, uwe umeusoma au hukuusoma. Una tundu moja ambalo ni vema ulijue: ulinzi umo ndani ya maelezo ya kitu chenyewe, kwa hiyo mtu akifuta maelezo yote, ulinzi unafutwa nayo na Terraform inaona kitu kisichotakiwa tena. Ni mlinzi anayelala ndani ya ghala. Ukilibomoa lote, unambomoa naye.

Mstari wa throughput una kisa kifupi na cha aibu. Enzi zile kasi ya EFS ilitegemea ukubwa wa ulichohifadhi: KiB 50 kwa sekunde kwa kila GiB, pamoja na akiba ya kukimbia kwa muda. Sisi tulikuwa na GiB 20 hivi, yaani takriban MiB moja kwa sekunde akiba ikiisha, na akiba iliisha kila Jumapili jioni. Ushauri uliokuwa unazunguka miongoni mwa mafundi ulikuwa kuujaza mfumo faili kubwa lisilo na kitu, ili uonekane mkubwa. Niliunda faili la GiB 200 za sifuri tupu. Kasi ikapanda. Kwa bei za Virginia wakati huo, kama senti 30 za dola kwa gigabaiti kwa mwezi, hizo ni dola 60 kila mwezi za kutunza sifuri. Mwishoni mwa 2022 Amazon wakaleta mtindo wa elastic, unaolipia kinachosomwa na kuandikwa, nikalifuta lile faili kwa furaha ambayo sijawahi kuipata katika kufuta.

Na bei ni ya dola, jambo ambalo vitabu vya Marekani havina sababu ya kulitaja. Gigabaiti hiyo ya senti 30 ilikuwa kama shilingi 48 Januari 2024, dola ilipofika shilingi 160, na miezi michache baadaye ikawa kama 39 bila mtu yeyote kugusa msimbo. Ndiyo maana ya AFTER_30_DAYS: faili isiyoguswa kwa siku 30 inahamishiwa daraja la bei nafuu zaidi, na kwa biashara ya mitihani, karatasi ya mwaka jana inaguswa na wachache.

Siku hizi nafanya kazi na binti mmoja aliyemaliza chuo juzi, na tuna desturi ofisini. Hakuna anayeandika yes akiwa peke yake, na mpango unasomwa kwa sauti kuanzia juu, neno kwa neno, hata ukiwa na kurasa tano. Mwezi uliopita alikuwa anabadilisha kitu kidogo, jina tu, ile creation_token ya mfumo wa majaribio, ambao haukuwa na prevent_destroy, apate inayosomeka vizuri. Alisoma mpango kwa sauti akafika katikati akanyamaza.

"Injinia," akasema, "inataka kuharibu."

Jina pia huchaguliwa siku ya kuzaliwa. Alilirudisha lilivyokuwa, tukaenda kula.

Kama una mfumo wa faili ulioundwa kwa msimbo, uwe wako au wa mwajiri, weka kitabu hiki chini sasa hivi. Tafuta ndani ya msimbo huo maneno aws_efs_backup_policy, au yanayolingana nayo kwa kampuni unayoitumia, uone kama yapo na kama yamewashwa. Ukikuta hayapo, yaandike leo, na kesho ujaribu kurudisha faili moja kutoka kwenye nakala ya akiba uione kwa macho. Sura ya nane itakungoja.